Vitasa vya Habu: Somo kwa Madereva wa Malori ya Fowili

Chaani ni mojawapo ya kata tano za Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, ng'ambo ya Makupa. Mahali hapo pako karibu na bandari ya Kipevu na karibu na barabara kuu iendayo Nairobi, na kwa hiyo maisha ya watu wake wengi yamefungamana na malori. Wako wayaendeshao, wako wayatengenezao, wako wapakiao mizigo, na wako akina mama wawauziao hao wote chai na mahamri. Kutoka hapo kwenda Miritini si mbali, na huko ndiko kiliko kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, ambako malori na pikapu za namna nyingi zimeunganishwa kwa miaka mingi.

Malori mengi ya Changamwe hupita juu ya lami tangu mwanzo wa safari hata mwisho wake. Lakini yako mengine ambayo kazi yake ndiyo kuiacha lami: lori lipelekalo mahindi katika vijiji vya Tana River wakati wa masika, pikapu ichukuayo dawa katika zahanati za Kinango au Ganze, au gari la mafundi wa maji na wa umeme. Magari hayo aghalabu ni yale yenye nguvu ya magurudumu manne, ambayo watu huyaita fowili.

Somo hili lahusu kifaa kimoja kidogo cha magari hayo. Kifaa chenyewe kimekaa katikati ya gurudumu la mbele, nacho hakizidi sana upana wa kiganja cha mkono. Jina lake ni kitasa cha habu, na madereva wengi hukiita friwili. Ingawa ni kidogo, dereva asiyeifahamu kazi yake aweza kukaa matopeni usiku kucha, ilhali gari lake lina nguvu ya kutosha kutoka mara moja. Na kama gari hilo limechukua dawa au chakula, wangojao mwisho wa njia ndio wanaoteseka.

KAZI YA KITASA

Kwanza yafaa kufahamu jinsi nguvu ya injini inavyosafiri mpaka kufika katika magurudumu. Injini huzungusha gia boksi. Katika lori la kawaida, nguvu hutoka gia boksi ikapita katika chuma kirefu kiitwacho propela, kisha ikaingia katika difu ya nyuma. Difu huigawa nguvu hiyo kwa hafushafti mbili, moja ya gurudumu la kulia na moja ya kushoto.

Katika lori la fowili kuna gia boksi ya pili, ndogo, iliyoshikamana na ile kubwa. Hiyo hutoa nguvu pande mbili: kwa propela ya nyuma na kwa propela ya mbele. Karibu na kiti cha dereva kuna mkono mfupi wa gia, na mara nyingi umeandikwa H2, H4 na L4. Penye H2 nguvu huenda kwa magurudumu ya nyuma tu. Penye H4 nguvu huenda kwa magurudumu yote manne kwa mwendo wa kawaida. Penye L4 nguvu huenda kwa magurudumu yote manne, lakini kwa mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi zaidi.

Basi, mkono huo ukiwekwa H2, injini haiizungushi propela ya mbele. Mtu aweza kudhani kwamba propela hiyo, pamoja na difu yake na hafushafti zake, vyote vimetulia tuli. Hasha! Magurudumu ya mbele yanazunguka juu ya barabara, na kama yameungana na hafushafti, yatazizungusha. Nazo hafushafti zitaizungusha difu, na difu itaizungusha propela. Chuma chote hicho huzunguka bure, bila kulisaidia lori hata kidogo. Ni kama mtu apandaye mlima amebeba jembe ambalo hatalilimia. Mafuta ya gari hutumika zaidi, beringi na meno ya gia huliwa, na sauti ya mvumo husikika mbele.

Kitasa cha habu kilitengenezwa kuondoa hasara hiyo. Kikiwa wazi, gurudumu huzunguka peke yake juu ya beringi zake, na hafushafti hutulia. Kikifungwa, gurudumu na hafushafti huwa kitu kimoja. Usoni mwa kitasa kuna kifundo cha kugeuza kwa vidole, na kando yake yamechorwa maneno mawili ya Kiingereza: FREE, maana yake huru, na LOCK, maana yake funga. Ndani mna pete ya chuma yenye meno. Kifundo kikielekezwa LOCK, springi huisukuma pete hiyo, na meno yake huingia katika meno yaliyoshikamana na hafushafti. Kikielekezwa FREE, pete hurudi mahali pake na meno huachana.

ASILI YAKE

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baina ya mwaka 1941 na 1945, viwanda vya Marekani vilitengeneza motokaa nyingi sana za jeshi ziitwazo jeep. Vita vilipokwisha, wakulima na watu wa kazi walizinunua. Zilikuwa hodari matopeni, lakini juu ya barabara nzuri vyuma vyake vya mbele vilizunguka bure, kama ilivyoelezwa hapo juu. Mwaka 1948 Arthur Warn, mkazi wa jimbo la Washington huko Marekani, alianzisha kampuni ya kutengeneza vitasa vya habu kwa ajili ya motokaa hizo.

Mwaka huohuo, tarehe 30 Aprili, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam. Motokaa hiyo baadaye ikajulikana katika kila pembe ya Kenya, nayo pia ikatengenezewa vitasa vya kuongeza. Leo vitasa vya habu huonekana katika magari ambayo kila mkazi wa Pwani ameyaona, kama vile pikapu za Toyota Land Cruiser na yale malori ya Fuso Canter yaliyo ya fowili.

Si magari yote yaliyo na vitasa vya namna moja. Viko vya kugeuzwa kwa mkono, na hivyo ndivyo vinavyoelezwa zaidi katika somo hili. Viko vinavyojifunga vyenyewe mara dereva atiapo H4 na kuanza mwendo. Hivyo hujifungua arudishapo H2 na kurudi nyuma mita chache. Baadhi ya hivyo vina maandishi AUTO na LOCK, na penye LOCK hufungwa kabisa kwa spana ili visije vikajiachia njiani. Tena yako magari yasiyo na kitasa kabisa, ambayo habu zake zimeungana na hafushafti daima. Kwa hiyo, kabla ya kushika chochote, dereva hana budi kutambua gari lake ni la namna ipi, na kitabu cha gari ndicho kitakachomwambia.

KITASA NI KIMOJA, GIA NI NYINGINE

Kosa lililoenea sana ni kudhani kwamba kitasa na mkono wa gia ni jambo moja. Sivyo. Mkono wa gia huitia nguvu propela ya mbele. Kitasa huishika nguvu hiyo na kuifikisha katika gurudumu. Kimoja bila kingine hakisaidii kitu.

Ziko hali nne, na dereva mwema huzijua zote kwa moyo.

Hali ya kwanza: vitasa FREE, gia H2. Hii ndiyo hali ya safari ya kawaida juu ya lami.

Hali ya pili: vitasa LOCK, gia H2. Lori huvutwa na magurudumu ya nyuma tu, na vyuma vya mbele huzunguka bure. Hasara yake ni mafuta na kuchakaa kidogo, lakini hapana hatari ya kuvunja kitu. Hata juu ya lami kavu lori laweza kwenda hivyo. Jambo hili ni la maana sana, maana madereva wengi huogopa kufunga vitasa mapema, wakidhani kwamba wataharibu gia.

Hali ya tatu: vitasa LOCK, gia H4 au L4. Hapo magurudumu yote manne huvuta. Hii ni hali ya matope, mchanga, na njia yenye utelezi.

Hali ya nne: vitasa FREE, gia H4 au L4. Hapo taa ya fowili huwaka mbele ya dereva, na propela ya mbele huzunguka, lakini magurudumu ya mbele hayavuti hata kidogo. Dereva hudanganyika. Tena katika L4 kuna hatari zaidi. Gia hiyo huongeza nguvu sana, na nguvu hiyo ilikusudiwa kugawanywa mbele na nyuma. Vitasa vikiwa wazi, yote huangukia hafushafti za nyuma, nazo zaweza kukatika chini ya mzigo mzito. Hali kadhalika lori likishuka mlima wenye utelezi, injini hulizuia kwa magurudumu mawili tu badala ya manne.

KWA NINI H4 HAIFAI JUU YA LAMI KAVU

Mtu akitaka kuona sababu kwa macho yake, na atazame alama za tairi za lori lililokata kona mchangani. Ataona kwamba magurudumu ya mbele hayakupita katika alama zilezile za nyuma. Ya mbele yalizunguka duara kubwa zaidi, kwa hiyo yalikwenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma.

Gia ikiwa H2, tofauti hiyo haina neno, kwa kuwa magurudumu ya mbele hayakufungamana na ya nyuma. Lakini katika magari mengi ya namna hii, H4 huziunganisha propela mbili ziende mwendo mmoja kabisa. Hapo magurudumu ya mbele yataka kwenda mbio zaidi na ya nyuma yayazuia. Penye matope au mchanga, tairi huteleza kidogo na mvutano huo hukoma. Juu ya lami kavu tairi haziwezi kuteleza kwa urahisi, na mvutano huingia katika vyuma. Usukani huwa mzito, tairi hulia, na mkono wa gia hukataa kutoka. Dereva akiendelea hivyo, tairi zitaliwa haraka na gia boksi ndogo yaweza kuvunjika.

Mkono wa gia ukikataa kutoka H4, usipigwe wala usilazimishwe. Lori lirudishwe nyuma mita chache, usukani ukiwa umenyooka. Mvutano utalegea, na gia itatoka kwa urahisi.

Kwa sababu iyo hiyo tairi zote nne zapaswa kuwa za kipimo kimoja na kuliwa sawasawa. Tairi mpya mbele na kuukuu nyuma huleta mvutano hata katika njia iliyonyooka.

VITASA VIWILI NI KAMA KIMOJA

Sasa lafikiwa jambo lililo kubwa kuliko yote. Chukua mfano wa lori lililotoka Chaani alfajiri, limebeba magunia ya mahindi na makasha ya dawa. Limeiacha lami, na mbele yake ni udongo mweusi unaonata kama gundi. Dereva, mtu mzima, asimamisha lori na kumtuma utingo wake kufunga vitasa. Kijana ashuka, akageuza kile kilichoko upande wake, kisha mvua ikamfukuza ndani.

“Umefunga, kijana?” auliza dereva.

“Nimefunga, mzee.”

Dereva atia H4, na taa yawaka. Baada ya mwendo mfupi magurudumu ya nyuma yazama, nayo ya mbele hayavuti. Wachimba, wakata matawi, wapakua magunia katika mvua, na hapana lifaalo. Jua lakaribia kutua ndipo dereva aenda mwenyewe kutazama upande wake, akakuta kifundo bado kimeelekea FREE.

Wengi hudhani kwamba kitasa kimoja kikifungwa, lori hupata nusu ya nguvu ya mbele. La. Halipati kitu. Sababu iko katika difu. Difu ya kawaida huugawa msukumo wa nguvu sawasawa kwa pande mbili, na upande mmoja hauwezi kupata zaidi ya ule mwingine. Ikiwa upande mmoja hafushafti yazunguka bila kushika chochote, basi msukumo wa upande huo ni kama hakuna. Na upande wa pili nao utapata vivyo hivyo. Hafushafti iliyo huru itazunguka kwa kasi, na gurudumu lililofungwa litasimama tuli matopeni. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo utingo aweza kutumwa, lakini jukumu ni la dereva. Kabla ya kuingia matopeni, dereva na alizunguke lori lake, akavione vitasa vyote viwili kwa macho yake na kuvigusa kwa mkono wake. Kazi hiyo haitumii hata dakika mbili.

UTARATIBU WA KUFUNGA NA KUFUNGUA

1. Simama penye udongo mgumu, kabla ya kufika matopeni. Kuingia matopeni kwanza na kufunga baadaye ni kujitakia taabu, maana kitasa huwa kimezama na kufunikwa na tope.

2. Weka gia H2 na vuta breki ya mkono.

3. Geuza kifundo cha kila upande mpaka kifike LOCK kabisa. Kisiachwe katikati, maana meno yaliyoshikana nusu huvunjika.

4. Kifundo kikiwa kigumu, usitumie koleo wala nyundo. Yamkini meno hayajaelekeana. Sogeza lori mbele au nyuma kidogo, kisha jaribu tena.

5. Ingia ndani na utie H4. Kwa L4, lori liwe limesimama kabisa.

6. Endesha polepole bila kukanyaga mafuta kwa ghafula. Magurudumu yakianza kuzunguka bila kwenda, ondoa mguu. Tairi izungukayo mahali pamoja huchimba shimo lake yenyewe.

7. Baada ya kutoka, rudisha gia H2 kwanza. Kisha, ukifika mahali pazuri, simama na ufungue vitasa vyote viwili.

Ikiwa njia ni ya vipande, hapa lami na hapa tope, si lazima kushuka kila mara. Vitasa viachwe LOCK kutwa nzima, na mkono wa gia pekee ndio utolewe H4 kila lami inapoanza. Vitasa vitafunguliwa safari ya matope ikiisha.

Dereva akumbuke pia kwamba hata vitasa vikifungwa vema, fowili ina mpaka wake. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakipata utelezi kwa pamoja, lori laweza kukwama, kwa sababu ileile ya difu iliyokwisha elezwa. Baadhi ya magari yana kufuli ya difu kwa ajili ya hali hiyo. Lisilo nayo, litahitaji koleo la kuchimbia, mbao za kutia chini ya tairi, na kamba madhubuti ya kuvutia.

MATUNZO, HASA KATIKA NCHI YA PWANI

Adui wa kitasa ni maji, na maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi. Lori lililopita ufuoni au katika maji ya hori lioshwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, hasa habu zake. Katika kila kitasa mna gasketi na mpira mdogo wa kuzuia maji. Mpira huo ukikatika, maji huingia, chuma hushika kutu, na kifundo hukataa kugeuka siku kinapotakiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mpira mmoja huokoa kitasa kizima.

Fundi akikifungua kitasa, atazame rangi ya grisi. Grisi iliyogeuka nyeupe kama maziwa imechanganyika na maji. Yapasa kufutwa yote, vyuma vikaoshwa na kukaushwa, kisha ikapakwa grisi mpya. Hapa mafundi wachanga hukosea, wakijaza kitasa grisi tele wakidhani kwamba ndiyo matunzo. Grisi nyingi huizuia pete isisogee, na meno hayashiki vema. Yatosha kupaka nyembamba. Boliti zikazwe kwa zamu, moja na ile inayoielekea, wala zisikazwe kwa kuzunguka mfululizo.

Vitasa visivyotumika huganda, na difu ya mbele isiyozunguka haipati mafuta katika meno yake ya juu. Baadhi ya vitabu vya watengenezaji hushauri gari liendeshwe kwa magurudumu manne angalau kilomita 16 kila mwezi. Kazi hiyo ifanywe katika njia ya udongo au mchanga, si juu ya lami kavu.

Sauti ya tak-tak itokayo mbele wakati lori linavuta ni onyo kwamba meno hayakushika sawasawa au yameliwa. Dereva asimame mara moja na kutazama. Habu yenye joto kuliko mwenzake baada ya safari ni dalili ya beringi mbovu, na lori lipelekwe kwa fundi.

KUJARIBU VITASA KABLA YA MASIKA

Jaribio hili lafaa kufanywa kabla ya mvua za Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Zima injini, weka gia H2, vuta breki ya mkono, na utie magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Funga vitasa vyote viwili. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, kisha ulizungushe kwa mkono. Mtu wa pili asimame kando na kuitazama propela ya mbele, wala asiingie chini ya gari.

Propela ikizunguka pamoja na gurudumu, vitasa vyote viwili vimeshika. Isipozunguka, mojawapo haikushika, ingawa vifundo vyote vimeelekea LOCK. Kisha fungua vyote viwili na uzungushe tena. Safari hii propela itulie. Kwa njia hii dereva apata kujua ukweli nyumbani, penye kivuli na msaada, badala ya kuujua usiku katika bonde la Tana.

MTO HAUNA KITASA

Mtu aliyefunga vitasa vyake vema aweza kuingiwa na ujasiri usiofaa. Na ajue kwamba kitasa ni dawa ya matope, si dawa ya mafuriko. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, basi lililochukua waimbaji wa kanisa waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mahali palipofunikwa na maji. Mto ulilichukua, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Maji yaendayo kasi husukuma ubavu wa gari, na maji yenye kina hulinyanyua. Gari likisha nyanyuka, tairi hazigusi chini, na hata magurudumu manne yakivuta, hayana cha kushika. Tena maji ya rangi ya tope huficha mashimo na daraja lililokatika. Penye mto uliofurika, dereva mwenye akili hulizima gari lake penye mwinuko na kungoja. Mzigo uliochelewa hufika kesho. Uliochukuliwa na mto haufiki kamwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji na ajibu maswali haya kabla ya kutazama majibu.

1. Lori liko juu ya lami kavu, vitasa vimefungwa, gia ni H2. Je, kuna hatari ya kuvunja gia boksi?

2. Taa ya fowili inawaka, lakini magurudumu ya mbele hayavuti. Jambo gani litazamwe kwanza?

3. Kitasa cha kulia kimefungwa, cha kushoto kiko wazi. Gurudumu la kulia litapata nguvu kiasi gani?

4. Kwa nini L4 isitumiwe wakati vitasa viko wazi na mzigo ni mzito?

5. Mkono wa gia umekataa kutoka H4. Dereva afanye nini?

Majibu: (1) Hakuna, hasara ni mafuta na kuchakaa kidogo tu. (2) Vitasa vya pande zote mbili. (3) Hakuna nguvu ya kufaa, kwa sababu difu huzipa pande mbili msukumo ulio sawa. (4) Nguvu yote huangukia hafushafti za nyuma, nazo zaweza kukatika. (5) Arudi nyuma mita chache, usukani ukiwa umenyooka, kisha aitoe tena bila kuilazimisha.

Dereva aliyeyajibu yote matano sawasawa na amfundishe utingo wake, maana utingo wa leo ndiye dereva wa kesho.